Makopo ya Maziwa ya Kulwa na Doto

Wiki ya kwanza baada ya kustaafu unesi nilijikuta nimembeba paka wa jirani kwa mikono miwili, nakadiria uzito wake. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Akaniambia, "Tabea, huyo hana kadi ya kliniki." Nikamweka paka chini, nikaona heri nianze kuandika kabla sijahamia kwa mbuzi.

Nawaandikia ninyi mnaobaki pale kituoni, hasa mliokuja mwaka huu na bado mnatetemeka siku ya kliniki. Habari za vyeo na mishahara siziandiki. Aliyepandishwa cheo anajua, na asiyepandishwa anajua zaidi. Nitasema habari za mikono baridi, mizani, vikombe, na yale makopo ya maziwa ya mapacha ambayo nusura yaondoke na shamba la watu. Bei ya kopo sitaitaja, kwa sababu mtakapofika ukurasa wa pili itakuwa imeshapanda.

Mimi nilizaliwa Mnazi, kule chini kwenye joto. Nilipopangiwa kazi huku milimani nilikuja na gauni jepesi la kazi na viatu vya wazi, kama mtu anayekwenda sokoni kwao. Asubuhi yangu ya kwanza ukungu ulikuwa umefika mpaka mlangoni, choo chenyewe nilikitafuta kwa kupapasa. Nikanawa mikono kwa maji ya bomba, nikamshika mtoto wa kwanza kwenye foleni, naye akapiga ukelele ambao nadhani mjini Soni waliusikia. Mama yake alinitazama kana kwamba nimemchoma sindano yeye mwenyewe.

Mama Naomi, muuguzi mkuu wetu, hakunigombeza. Alinipa kikombe cha chai ya moto. Nikakipeleka mdomoni.

"Sio ya kunywa," akasema. "Chai ya kwanza ni ya kushika. Mikono ikishakuwa ya binadamu ndipo ushike mtoto wa mtu."

Tangu siku hiyo chai yangu ya kwanza ya kazini nilikuwa naishika tu mpaka inapoa. Ya pili ndiyo nilikunywa, kama foleni iliniruhusu.

Mama Naomi alikuwa mama mfupi wa Kilutheri, mwenye sweta ya kijani aliyoifuma mwenyewe, na alipokuwa anapima watoto alikuwa akiimba sauti ya tatu ya kwaya. Ya kwanza na ya pili alituachia tuzifikirie wenyewe. Alinifundisha mengi ambayo chuoni sikuyasikia. Mama aulizwe maswali baada ya kukaa, si akiwa amesimama na mtoto mgongoni. Baba akija kliniki apewe kiti kizuri, maana hajazoea na anaweza kukimbia. Bibi akija naye asikilizwe mpaka mwisho hata kama foleni imefika barabarani, kwa sababu yeye ndiye mwenye jiko, na mtoto huponea au hudhurikia jikoni.

Lakini somo lake ambalo nimeishi nalo ni jingine. Alikuja mama mmoja na mtoto aliyekuwa anapungua. Yule mama hakuwa na maziwa kwa sababu ya ugonjwa, akawa ananunua ya kopo, na nilipoangalia kikombe chake niliona mpaka chini. Maziwa yalikuwa mepesi kama maji ya kuoshea mchele. Mimi kwa ujana wangu nikaanza kumhoji: una kiasi gani, kwa wiki unaweza kutenga kiasi gani? Mama wa watu akainama, akawa anasokota ncha ya khanga. Mama Naomi akanisogeza pembeni kwa kiwiko.

"Mama, mwaka huu umepanda nini?"

Uso ukainuka. Alikuwa na viazi, alikuwa na maharage, alikuwa na miti kadhaa ya plamu. Akaeleza hiki kinatoka lini na kile kinatoka lini, na katikati lini hana kitu. Hatukumuuliza zaidi, tukaona wenyewe: alikuwa anaongeza maji katika zile wiki ambazo shambani hakuna cha kuvuna.

"Huku pesa haikai mfukoni, inakaa ardhini," Mama Naomi aliniambia tulipofunga. "Ukimuuliza mtu habari za mfukoni unamwaibisha tu. Muulize amepanda nini, atakuonyesha pa kushika."

Sasa niseme kidogo habari za vyombo, halafu niingie kwenye jambo lenyewe. Mizani niliyoipenda ni ile ya kuning'iniza, yenye uso kama wa saa na kaptura ya kitambaa ambayo kila mtoto huikojolea kwa zamu yake. Msiidharau. Mtoto akitulia ndani yake, mshale hausemi uongo. Chupa ya kunyonyea sikuipenda tangu mwanzo. Ina kona, ina mifereji kwenye kifuniko, maziwa yanajificha humo na kuchacha huku chupa inang'aa. Kikombe kidogo cha wazi ukikiosha unaona umekiosha. Na kijiko cha kopo kisawazishwe kwa mgongo wa kisu safi. Wauzaji wetu wa gulioni wana ukarimu wa kurundika na kuongeza juu, na akina mama wamezoea kupima hivyo hivyo. Maharage hayana neno. Maziwa ya unga ukiyarundika, mtoto anafunga choo na kopo linaisha kabla ya siku yake.

Mama Naomi alistaafu akarudi kwao Bumbuli, nami nikabaki na mizani, vikombe, na sauti ya kwanza ya kwaya, ambayo siiwezi. Miaka ikaenda. Watoto niliowapima wakaleta watoto wao, wengine wakiniita bibi mbele za watu bila hata kunionya.

Nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu alipokuja Shabani. Alikuwa kijana wa Kiislamu, mkulima wa mboga katika kijiji kilicho chini ya kituo, mtu mpole mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua likiwaka. Mke wake, Mwanahamisi, alikuwa amejifungua mapacha hospitali kubwa. Alitokwa na damu nyingi, wakamwongezea nyingine, akarudi nyumbani mzima lakini dhaifu, na maziwa yake yalikuwa ya kudondoka. Madaktari walisema watoto wasaidiwe kwa maziwa ya kopo mpaka ya mama yaongezeke. Wa kwanza alikuwa wa kiume, Kulwa, mnene mwenye sauti. Wa pili wa kike, Doto, mdogo mno. Nilipompima mara ya kwanza mshale ulisogea kwa shida, kama mtu aliyeamshwa mapema.

"Shikamoo, nesi," Shabani akasema. Nikamwitikia, nikampa kiti kizuri.

Akakaa ukingoni. "Nimekuja unishauri. Wageni wa uzazi walileta makopo, yameisha. Moja kwa hawa wawili halifikishi hata siku mbili. Kuna dalali anataka lile shamba langu la bondeni. Anasema nikimpa, atanilipa mara moja."

Wasiojua bonde letu niwaambie. Shamba la juu mlimani linategemea mvua, lakini la bondeni lina mfereji na linalimwa mwaka mzima. Mtu wa huku akiuza la bondeni ameuza na jembe lake. Baada ya hapo atakuwa kibarua kwenye ardhi aliyozoea kuiita yake. Shabani alikuwa na kile kipande kimoja tu, alichoachiwa na baba yake, na kijijini kila mtu alijua kwamba dalali akinunua hauzi tena.

"Bondeni umepanda nini?" nikamuuliza.

"Kabichi. Lote."

"Itatoka lini?"

"Kama miezi miwili hivi, lori likija."

Hapo ndipo penye tatizo, nikaliona wazi. Kabichi ingemletea pesa nyingi kwa siku moja, na watoto walitaka kidogo kidogo kila baada ya siku mbili. Shabani hakuwa maskini sana. Alikuwa na pesa ya mwezi wa mbele na njaa ya mwezi huu.

"Utang'oa kabichi," nikamwambia.

Alinitazama kama nimemwambia ang'oe meno. "Nesi, zimeshashika!"

"Si zote. Upande wa mfereji tu. Hapo panda mboga za haraka, figiri, chainizi, giligilani, za kukata na kupeleka gulioni kila wiki. Zilizobaki ziache zimngojee huyo mwenye lori."

"Na mpaka hizo figiri zitoke?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Tukashauriana, na baada ya kukuna kofia yake sana akasema mama yake ana mbuzi wawili na amekuwa akitaka kuwauza. Mbuzi wangewavusha hadi figiri, figiri zingewavusha hadi kabichi. Na juu ya yote hayo kulikuwa na Mwanahamisi mwenyewe. Nilimpangia ale vizuri, anywe uji wa ulezi, na kila saa ya kulisha watoto waanze kwenye ziwa kwanza hata kama wanapata kidogo, ndipo wapewe kikombe. Ziwa linaitika likiitwa. Kila wiki likiongeza kidogo, kopo litapunguza kidogo, na bajeti yote ya nyumba ile ilikuwa hapo.

Niliposhuka kuangalia baada ya muda, nilicheka peke yangu njiani. Shabani alikuwa amegawa upande wa mfereji kwa matuta, na kila tuta ameliwekea kijiti, juu ya kijiti kopo tupu la maziwa limepachikwa. Tuta moja, kopo moja. Akiona tuta limeliwa na wadudu, anajua kopo limeliwa na wadudu, na anapiga mbio. Wapita njia walikuwa wakimtania, "Shabani, makopo yameshaota?" Naye anawajibu, "Yanataka mvua kidogo." Nimeona watu wengi wakipanga matumizi maishani mwangu, wengine wana digrii zake. Ule mpango wa matuta ndio nilioupenda kuliko yote.

Basi nilitegemea mambo yaende. Hayakwenda. Figiri zilitoka, gulio lilikuwa zuri, Shabani alinunua makopo kama tulivyopanga, na makopo yakaisha kabla ya gulio linalofuata. Mara ya kwanza tulisema ni bahati mbaya. Mara ya pili tukapima kijiko, kikawa sawa. Kijijini wakaanza kunong'ona kwamba Shabani anayauza kwa mwenye duka. Na mbaya zaidi, Kulwa alikuwa anaongezeka kwa kusuasua, na Doto alikuwa haongezeki kabisa. Niliogopa. Mtoto wa uzito ule hana akiba, akipata kikohozi kimoja anakwenda.

Shabani akaja kituoni, safari hii hakutaka kiti. "Nesi, hesabu yako nzuri, lakini imenishinda. Kopo linakwenda, mtoto hakui. Nimeshamwambia dalali gulio lijalo tuandikiane."

Mwanahamisi alikuwa amekuja naye, Doto kifuani. Walipokuwa wanaondoka alichelewa kidogo mlangoni, akajifanya anafunga khanga.

"Nesi," akasema kwa sauti ya chini, "njoo nyumbani saa ya kulisha. Ukae jikoni." Akatoka. Msichana yule alikuwa anaishi kwa mkwewe, na zaidi ya hapo adabu haikumruhusu kusema.

Kesho yake asubuhi nilishuka.

"Onga makeo!" Bibi Hadija, mama yake Shabani, alinipokea kwa Kishambaa kutoka jikoni. Alikuwa bibi mwembamba, mwepesi, mwenye mikono misafi kuliko ya manesi wengi ninaowajua.

"Tiwedi. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu moto."

Nikakaa. Mle jikoni ungeweza kufanya upasuaji. Maji yamechemshwa, yamefunikwa, vikombe viwili vya aina moja vimefunikwa kitambaa cheupe. Bibi alisawazisha kijiko kwa kisu kama nilivyofundisha, akachanganya sawasawa, akajaza vikombe viwili. Kisha akavileta usawa wa macho, akaviangalia kwa jicho moja, akaongeza tone kwenye kimoja, akatosheka.

Watoto walikuwa wameshatoka kwenye ziwa la mama yao. Kulwa alikipiga kikombe chake mpaka mwisho. Doto alikunywa kidogo, akachoka, akafumba macho na kulala mdomo wazi. Zaidi ya nusu ikabaki. Bibi Hadija akainuka, akaenda nje nyuma ya jiko, akamwaga kilichobaki kwenye shina la mgomba.

Nikabaki nimekaa. Nilikuwa nimefundishwa kuwasikiliza mabibi mpaka mwisho.

Baada ya muda mfupi Kulwa akaanza kulia, hakushiba. Bibi akachanganya tena, vikombe viwili, sawa kwa sawa. Doto akaamshwa usingizini, akalia, akalazimishwa midomo miwili mitatu, akalala tena. Nusu na zaidi ikaenda mgombani. Nilitoka nikauangalia ule mgomba. Nawaambia kweli, ulikuwa umenawiri kupita mgomba wowote pale kijijini, na mkungu wake ulikuwa umeegemezwa mti usianguke.

"Bibi," nikasema niliporudi, "mbona hukumpa Kulwa kile alichobakiza mwenzake?"

Akaniangalia kama mtu aliyesikia tusi. "Nimpe cha mwenziwe? Cha Doto ni cha Doto. Mapacha wanapewa sawa, nesi. Ukimpa mmoja, mpe na mwenziwe. Na cha mmoja mwingine hakili."

"Hata kama amekiacha?"

"Hata amekiacha."

Akakaa kwenye kigoda, akaanza kuosha vikombe taratibu. Mwanahamisi alikuwa ukutani na Kulwa begani, ametazama chini. Bibi Hadija akaongea bila kuniangalia.

"Mimi nilizaliwa wawili. Mwenzangu alikuwa mdogo, kama huyu. Mimi nilikuwa mnene. Hakumaliza mwezi. Shangazi zangu walikuwa wakinitania tangu sijajua kusema vizuri: huyu ndiye aliyenyonya na la mwenziwe, mwenziwe akakasirika akarudi alikotoka. Wanacheka, wananipa ndizi. Nimekua na maneno hayo. Nimeolewa nayo. Sasa wameletwa wawili nyumbani kwangu, mkubwa na mdogo, vile vile. Kulwa hatakunywa cha Doto nikiwa hai."

Miaka yote ile nimegombana na watu wanaoongeza maji, wanaorundika vijiko, wanaonunua biskuti badala ya maziwa, na sasa nimekutana na mtu anayemaliza makopo kwa mapenzi.

"Bibi," nikasema, "mimi nimeshika mapacha wengi. Yule mdogo anapoondoka, si kwamba kanyimwa na mwenzake. Anachoka. Kunyonya kwake ni kama wewe kupanda mlima na mzigo wa kuni. Anavuta kidogo, analala kabla hajashiba. Hapo zamani hapakuwa na mtu wa kumnywesha kidogo kidogo. Mwenzako alichoka, Bibi. Hukula chake."

Alifuta kikombe ambacho kilikuwa kimeshakauka.

Nikajua maneno hayatatosha. Maneno ya shangazi zake yalikuwa na miaka mingi kuliko yangu. Nikaangalia huku na huku, nikaona jagi dogo la plastiki lenye mfuniko kwenye rafu. Nikaomba maji ya moto, nikaliosha na kulisuuza nayo, nikamwita Mwanahamisi asogee.

"Tufanye hivi. Maziwa ya saa moja ya kulisha tunayachanganya humu, kwenye jagi. Tunamimina kidogo tu kwenye kikombe cha Doto, kiasi cha pumzi zake. Akimaliza, tunamwongeza. Akichoka, tunamwacha alale, na tunamrudia mapema kabla ya mwenzake. Kulwa naye tunammiminia mpaka ashibe. Bibi, nikuulize wewe. Kilichomo kwenye jagi ni cha nani?"

Akafikiria. Alilichukulia swali kwa uzito wote, kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

"Hakijamiminwa," akasema.

"Hakijamiminwa."

"Basi bado ni cha wote. Ni kama sufuria. Ugali ukiwa sufuriani hauna mtu, mpaka upakuliwe."

"Na cha sufuriani Kulwa akiongezwa, amekula cha mwenzake?"

"La," akasema Bibi Hadija polepole. "Cha sufuriani hajala cha mtu."

Mwanahamisi aliinua uso. Tangu nimfahamu sikuwa nimemwona akicheka, na kumbe alikuwa na mwanya mzuri. "Mama," akasema, "basi Doto nimfunge mimi kifuani ashinde hapo na joto, wewe ukae na jagi." Bibi akakubali, ila akaweka sharti lake: watoto wote wawili waguswe midomo kwa vikombe wakati mmoja wa kuanza, asiwepo wa kwanza. Nikasema hilo halina neno. Sikuona sababu ya kubishana na mtu aliyekwishaniachia jagi.

Dalali alikuja siku ya gulio kama walivyoahidiana. Mimi nilikuwepo, nilipita makusudi, msiniulize ruhusa nilimwomba nani. Alikuja na shahidi na kalamu. Shabani alikuwa bondeni anakata giligilani, mikono imejaa matope na harufu.

"Tumalizane basi," dalali akasema.

"Kaka, nisamehe kwa usumbufu," Shabani akamwambia. "Leo asubuhi nimetikisa kopo, bado linalia. Halijawahi kulia siku ya gulio tangu watoto wazaliwe. Siuzi."

"Wiki moja tu unajisifu? Utanitafuta."

"Nikikutafuta nitakuletea mboga."

Dalali akaangalia vile vijiti na makopo yake juu ya matuta, akatikisa kichwa, akaondoka na kalamu yake. Nilinunua fungu la giligilani ambalo sikuwa na haja nalo, na nyumbani tulikula chai, maharage na kuku yenye harufu moja kwa siku mbili.

Baada ya hapo sikuwa na kazi kubwa. Mgomba ulikosa chakula ukarudia hali ya kawaida. Ziwa la Mwanahamisi liliitika wiki hata wiki, makopo yakapungua, na matuta yaliyobaki bila kopo Shabani akayarudishia mazao yake. Kabichi ziliondoka na lori kwa bei ambayo alinitajia kwa sikio, akicheka kama mwizi. Doto alichukua muda wake. Kwanza alianza kuamka mwenyewe, kisha akaanza kulia kwa hasira kabla jagi halijafika, na nilipoisikia ile hasira mara ya kwanza nilimshukuru Mungu pale pale njiani. Mtoto anayegombea chakula anataka kukaa duniani.

Siku walipotimiza miezi sita walikuja kliniki wote, baba, mama, bibi, na mapacha wamevaa sweta za rangi moja. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Nilimtia Kulwa kwenye kaptura ya mizani, akaikojolea, nikamtoa, nikamtia Doto. Mshale ulikwenda ukapita pale nilipokuwa nimeuombea usimame, ukatulia. Nilimsomea Shabani kwa sauti mara mbili, ya pili kwa ajili ya masikio yangu mwenyewe. Shabani akavua kofia ya sufu. Kumbe alikuwa na kipara.

Siku hiyo tulikuwa tunawaonyesha akina mama namna ya kuanzisha uji laini, na kila mtoto alipewa kikombe. Doto alikunywa akiwa amekalishwa kwenye mkeka, akatosheka, akageuza uso na kuanza kucheza na pindo la khanga ya mama yake. Uji ulibaki robo. Kabla mtu hajainama, Kulwa alimwegemea dada yake, akakamata kikombe chake kwa mikono miwili, na akakimaliza mpaka uji ukamfika masikioni. Doto akamwangalia, akacheka kicheko cha tumbo. Foleni nzima ikacheka.

Mimi sikucheka. Nilimwangalia Bibi Hadija. Alikuwa amesimama juu yao, mkono umenyooka kukichukua kikombe, na haukufika.

"Amemaliza cha mwenzake," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Na mwenzake anacheka."

"Anacheka, Bibi."

Akaketi pale pale sakafuni kati yao, bibi mzima na miaka yake, akafunika mdomo kwa khanga. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

"Basi nesi," akasema, "mimi sikumla dada yangu."

Nikapiga magoti, nikamshika mikono. Yangu ilikuwa na joto. "Hukumla, Bibi. Hata kidogo."

Alikaa hivyo kitambo, watoto wawili wakimpanda mapajani na kumpaka uji. Kisha akajifuta uso, akainua kichwa, na akapiga kigelegele kirefu, katikati ya foleni, mpaka mlango wa chumba cha pili ukafunguka na daktari wetu kijana akatoka nje na kifaa chake masikioni, akauliza kwa hofu kumetokea nini.

"Hakuna kitu, daktari," Bibi Hadija akamwambia. "Watoto wameshiba."